Undugu ni Kufaana: Je, Chuo Kikuu ni Familia?

Katika miaka mitatu niliyosoma hapa Kampala nimehudhuria semina nne za familia. Semina hizo huandaliwa kwa ajili ya wanafunzi na wafanyakazi wa chuo, na mada zake zinafahamika: malezi ya watoto, amani katika ndoa, matumizi ya fedha, msongo wa mawazo, kuwatunza wazazi waliozeeka, kukabiliana na msiba. Kila semina ilifunguliwa na kiongozi tofauti, lakini sentensi moja haikukosekana kamwe: "Sisi sote hapa ni familia moja." Tulipiga makofi, kisha mwezeshaji akaanza somo lake.

Katika insha hii nataka kuichunguza sentensi hiyo. Je, chuo kikuu kinaweza kuwa familia? Na kikijiita hivyo mbele ya watu, kinajitwika wajibu gani? Jibu la swali hili lina uzito, maana ndilo linaloamua nani atafanya mtihani na nani atarudi nyumbani bila shahada.

Kwanza niseme wazi kwamba semina hizi zinahitajika. Wapo wanaozicheka na kudai kwamba mtu mzima hafundishwi kuishi na mke wake au mtoto wake. Hao wamesahau jinsi chuo kilivyobadilika. Zamani mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Uganda alikuwa kijana aliyetoka moja kwa moja katika shule ya bweni, na serikali ikamlipia karo, chumba na chakula. Tangu miaka ya 1990, vyuo vyetu vilipoanza kupokea wanafunzi wanaojilipia na kufungua masomo ya jioni, madarasa yamejaa watu wenye kazi, wenzi na watoto. Baadaye likaja janga la korona. Shule zetu zilifungwa Machi 2020, na baadhi ya madarasa hayakurudi mpaka Januari 2022. Wapo wasichana waliorudi darasani wakiwa mama, na baadhi yao sasa tunasoma nao chuoni. Tena wengi wetu tumetoka mbali, Arua, Kabale, Mbale, Moroto, na wazee ambao wangetushauri wamebaki huko.

Waganda walikuwa na mtu maalumu wa kazi hii ya ushauri, naye ni ssenga. Neno hilo lina maana ya dada wa baba, yaani shangazi kwa Kiswahili sanifu. Ssenga ndiye aliyemfundisha msichana mambo ya mwili, ya nyumba na ya ndoa. Lakini kazi yake haikuishia katika kufundisha. Siku ya kwanjula, mchumba anapojulishwa kwa wazazi wa binti, ssenga ndiye anayemtambulisha kijana huyo mbele ya ukoo, kana kwamba anasema: huyu namjua, nami ninasimama naye. Ndoa ikipata matatizo, binti hukimbilia kwa ssenga, naye hupaswa kusikiliza, kwenda kuzungumza na upande wa pili, na kama lazima, kumpa binti mahali pa kulala. Kwa hiyo mshauri alikuwa pia mdhamini. Maneno yake yalikuwa na uzito kwa sababu yakishindwa, hasara ilimfikia na yeye.

Siku hizi wapo ssenga wa kulipwa. Wanazungumza redioni, wanaalikwa kwenye sherehe za mabibi harusi, na wengine wana maarifa mengi ya kweli. Siwalaumu, maana kila mtu ana haki ya kula kwa jasho lake. Hata hivyo tofauti ipo. Kipindi kikiisha redioni, ssenga huyo hamjui msikilizaji wake, wala msikilizaji hana mlango wa kugonga usiku. Ushauri umetengwa na dhamana. Hapo ndipo ninapoona hatari ya semina zetu: chuo kinaweza kuchukua nusu ya kazi ya ssenga, ile nusu ya kusema, na kuiacha ile nusu ya kubeba.

Nitatoa mifano miwili niliyoishuhudia mwenyewe. Katika semina ya malezi, mwezeshaji alitueleza umuhimu wa mzazi kukaa na mtoto jioni, kula pamoja naye na kumuuliza habari za siku yake. Lilikuwa somo zuri. Wakati wa maswali, mama mmoja anayefanya usafi katika majengo ya chuo aliomba kusema. Alikuwa amesimama karibu na mlango, akisubiri tumalize ili apange viti. Alisema kwa Kiganda: "Bibi, asante kwa mafundisho. Zamu yangu inaanza saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo natoka nyumbani mtoto amelala. Nikimaliza hapa naenda kukaanga mihogo mpaka usiku, kwa sababu mshahara hautoshi karo yake. Nikirudi amelala. Sasa nizungumze naye saa ngapi?" Ukumbi ulinyamaza. Mwezeshaji akamjibu kwa upole kwamba kila mzazi lazima ajifunze kupanga muda wake.

Mfano wa pili ni wa mwanafunzi mwenzetu aliyejifungua katikati ya muhula. Alikuja kwenye semina ileile akiwa amembeba mtoto wake mgongoni, akapongezwa mbele ya wote kwa ujasiri wake. Ilikuwa siku ya Alhamisi. Jumatatu iliyofuata alikwenda kuomba apangiwe siku nyingine ya majaribio mawili aliyoyakosa akiwa wodini. Aliambiwa kwamba hakuna utaratibu wa namna hiyo, na kwamba njia iliyopo ni kuahirisha mwaka mzima. Kaka yake alikuwa ameuza ng'ombe ili alipe karo ya mwaka ule.

Hakuna mtu mbaya katika mifano hii miwili. Mwezeshaji alikuwa na nia njema, na karani aliyemjibu mwenzetu alifuata kanuni zilizokuwa mezani pake. Tatizo liko katika mgawanyo wa mizigo. Kila ushauri tuliopewa ulimtaka yule anayebeba ajifunze kubeba vizuri zaidi: apange muda, apunguze matumizi, avute pumzi, aombe msaada. Wakati huohuo ratiba ya zamu, tarehe ya jaribio na kanuni ya kuahirisha mwaka, ambavyo vyote vimewekwa na watu na vinaweza kubadilishwa na watu, vilibaki kama milima ambayo hakuna aliyeiweka.

Tutazame pia sheria. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi zenye malipo, na baba siku 4. Katiba ya mwaka 1995 inaitaka serikali iwalinde wanawake na haki zao kwa kuzingatia jukumu lao la uzazi. Mhadhiri akijifungua, basi, anajua pa kushika. Mwanafunzi si mfanyakazi, kwa hiyo sheria hiyo ya ajira haimgusi; likizo yake inategemea huruma ya kanuni za chuo. Na yule mama wa usafi ameajiriwa na kampuni ya nje iliyopewa kazi kwa mkataba, hivyo barua ya mwaliko wa semina iliyoandikwa "kwa wafanyakazi wote wa chuo" haikumhusu. Familia moja, kumbe, ina watoto wa ndani, watoto wa uani, na wengine ambao hawajaandikwa kabisa.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna kipimo kizuri cha kupimia dai la undugu. Methali inasema undugu ni kufaana, si kufanana. Waganda nao husema oluganda kulya, yaani undugu ni kula pamoja. Lugha hizi mbili zimekubaliana kwamba ujamaa haujengwi na damu peke yake, wala na tamko la mdomo. Huonekana kwenye sahani na kwenye mzigo. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye alisoma Makerere kuanzia mwaka 1943, alilichagua neno ujamaa mwaka 1962 kueleza siasa yake, na alilichagua kwa sababu hiyohiyo: katika jamaa kila mmoja hufanya kazi na kila mmoja hutunzwa. Tunaweza kubishana kuhusu matokeo ya siasa ile, lakini alielewa jambo moja ambalo wafunguzi wa semina wanalisahau. Mtu akilitumia neno la nyumbani nje ya nyumba, anakuwa ameahidi kitu.

Najua hoja zitakazotolewa dhidi yangu. Ya kwanza ni kwamba chuo si mzazi. Kazi yake ni maarifa, na kikianza kubeba shida za kila nyumba kitashindwa hata kununua vitabu. Hoja hii ina ukweli. Sitarajii chuo kinunue maziwa ya mtoto wa mtu au kisuluhishe ugomvi wa wanandoa. Lakini kama ndivyo, basi kiwe mkweli kwetu. Kiseme: sisi ni taasisi, haya ndiyo masharti yetu, na semina hii ni huduma ndogo tunayoitoa. Huo utakuwa uaminifu. Kisichokubalika ni kuchukua heshima ya mzazi asubuhi na kujitetea kama taasisi jioni.

Hoja ya pili ni ya usawa. Wengine watauliza: mimi niliyefanya jaribio siku yake, kwa nini mwenzangu apewe siku nyingine? Jibu langu ni kwamba jaribio hupima maarifa, na tarehe si sehemu ya maarifa. Mwanafunzi aliyelazwa kwa malaria akileta barua ya hospitali hupangiwa siku nyingine, na hakuna anayelalamika. Utasema uzazi si ugonjwa. Ni kweli, lakini mgonjwa hakuruhusiwa kwa sababu ya homa yenyewe; aliruhusiwa kwa sababu hakuweza kuwa kitandani na darasani kwa wakati mmoja. Sababu hiyo inamhusu mama aliyejifungua vilevile.

Hoja ya tatu ni ya siri, na hii naikubali karibu yote. Siri ya mtungi muulize kata, na mambo ya nyumbani hayafai kuanikwa ukumbini. Katika semina zetu mwanafunzi huketi na mhadhiri atakayesahihisha karatasi yake, na mfanyakazi huketi na mkuu wa idara yake. Nani atafungua kinywa aseme kwamba anapigwa, au kwamba usiku hapati usingizi? Kwa hiyo somo la pamoja lifuatwe na mazungumzo ya faragha, kila kundi mahali pake, na mtu asilazimishwe kueleza maisha yake mbele ya mwenye mamlaka juu yake.

Kufaana kunatuhusu sisi pia. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hakuna jamaa wa kupokea tu. Mwenzetu aliyeahirisha mwaka angepata nafuu kama mapema zaidi tungemnakilia mihadhara, au tungembebea mtoto kwa saa mbili ili asome. Wanaume nao wajiulize kwa nini ukumbi huwajaa siku ya semina ya fedha na kuwakosa siku ya semina ya malezi. Nimehesabu kwa macho yangu: siku ile ya malezi, katika safu sita za mbele alikuwapo mwanamume mmoja tu, na huyo alikuwa fundi wa vipaza sauti.

Pendekezo langu ni dogo na halina gharama. Kabla semina haijafungwa, ubao ugawanywe sehemu mbili. Upande mmoja tuandike mambo ambayo sisi tuliohudhuria tutayafanya. Upande wa pili wakuu waandike mambo ambayo chuo kitayafanya, nani atayafanya, na mwisho ni lini: chumba kimoja cha kunyonyeshea, kanuni ya majaribio kwa mama aliyejifungua, kifungu cha saa za zamu katika mkataba ujao wa usafi. Semina inayofuata ifunguliwe kwa kuusoma ubao ule, kila jambo na jibu lake, limefanyika au halijafanyika. Wafanyakazi wa makampuni waalikwe kwa majina yao, tena wakati wa kazi, wakiwa na viti.

Wahadhiri wetu wana uzoefu wa kanuni hizi kuliko mimi, na ningependa wanionyeshe pale ambapo hoja yangu imepungua. Kwa sasa naona hivi: chuo kina uhuru wa kuchagua kuwa familia au kuwa taasisi tu, na kila chaguo lina heshima yake. Kikichagua kuwa familia, basi kianze na swali la yule mama aliyesimama mlangoni. Bado halijajibiwa.