Je, Mkono Unajua?

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa mambo mawili: mtu hujua kwamba maji huchemka, na mtu hujua kuogelea. Gilbert Ryle, mwanafalsafa Mwingereza, alizitenganisha aina hizo katika The Concept of Mind (1949), akidai kuwa kujua kutenda si kukariri kweli fulani kisha kuzitekeleza. Somo la nishati ya jua katika shule ya kijijini huipima hoja hiyo vizuri kuliko mihadhara mingi.

Ichukuliwe shule ya Dodoma, nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta. Kijiti cha mita 1 husimikwa wima uwanjani. Mwishoni mwa Juni, jua likiwa juu kabisa, yaani saa sita na nusu na ushee, kivuli hulala kuelekea kusini, sentimita 57 hivi. Mwishoni mwa Desemba kimegeuka: kinaelekea kaskazini, na hakifiki hata sentimita 32. Mwanafunzi aliyekariri kitabu cha Ulaya kinachoagiza paneli itazame kusini sasa ana la kuuliza. Kadhalika jani la mwembe. Likifunika seli moja tu kati ya 36 zilizounganishwa kwa mfululizo, umeme hushuka kupita kiasi cha jani lenyewe, maana mkondo ni mmoja na hupita kila seli, kama maji katika mpira uliokanyagwa mahali pamoja.

Hata hivyo mkono peke yake hautoshi. Katika Elimu ya Kujitegemea (1967), Julius Nyerere alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo, watoto wapime na wajadili mazao yao. Penginepo jembe liligeuka adhabu ya mchelewaji. Kazi ilikuwapo, swali halikuwapo, na mtoto aliyelima tangu utotoni hakuongezewa kitu. Aristotle alishaona kwamba mwenye uzoefu hujua jambo liko hivyo bila kujua kwa nini, ingawa, kwa haki, alikiri pia kuwa mtu huyo mara nyingi hufaulu kuliko mwenye nadharia tupu.

Kinachotofautisha somo na kibarua, basi, ni ruhusa ya kitu kukataa. Katika mtambo wa bayogesi, kinyesi cha ng'ombe huchanganywa na maji sawa kwa sawa, hewa huzuiwa, na vijidudu hutengeneza methani. Lakini gesi ya mwanzo mara nyingi haishiki moto, kwa kuwa imejaa hewa na kaboni dayoksaidi. Mwalimu anayeiachia kimyakimya kabla darasa halijafika, ili kiberiti kisimwaibishe, huwaonyesha watoto moto wa buluu na kuwanyima mabishano ambayo yangewafikisha kwenye sababu yake.