Muhuri wa Ahabu



Wazee wa Yezreeli walipopokea barua za Yezebeli zenye muhuri wa Ahabu, hakuna aliyekataa; Nabothi akapigwa mawe (1 Wafalme 21).

Hapa Tanzania mtu humwendea Kamishna wa Viapo na hati ya kuuza nyumba ya ndoa. Sahihi ya mke imekwisha kuwekwa, mke mwenyewe hayupo. "Anaumwa, gonga muhuri tu." Na akatae, hata kama mwombaji ni mzee wa kanisa! Muhuri ule wasema kwamba mama alifika mbele yake, mahali hapo, tarehe hiyo. Tena Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka ridhaa yake.

Basi msimnung'unikie kamishna. Mleteni mama, aulizwe mwenyewe.