Njia ya Mwongo ni Fupi

Ndugu msomaji, nina kesi nataka tuihukumu pamoja. Mshitakiwa ni mimi mwenyewe, kwa hiyo usinionee haya.

Ilikuwa usiku wa masika, mvua ikinyesha tangu alasiri. Mimi nipo Tandika, mama mdogo wangu yupo kwake Mbagala. Dawa zake za presha zilikuwa zimebaki kwangu, nilikuwa nimemchukulia mjini mchana. Nikamwita kijana mmoja wa bodaboda, tunayeshinda naye kijiweni, nikamkabidhi mfuko. Basi, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa mtaa, sikumwachia achague njia. Nilifungua kompyuta, nikatandaza ramani, nikaweka alama hapa, nyingine pale, mpaka mstari ukakatisha Buza, ukashuka bondeni, ukavuka kijito na kutokea upande wa pili. Barabara ya Kilwa ilikuwa imejaa foleni. Mstari wangu ulikuwa mfupi na umenyooka. Nikaurusha kwenye simu yake iliyofungwa kwenye usukani.

Akautazama kidogo. "Kaka, pale bondeni mvua ikinyesha hapapitiki."

"Ramani inaonyesha panapita," nikamjibu. "We fuata mstari tu. Mgonjwa anasubiri."

Akaufuata. Kile kidaraja cha mbao kilikuwa bado kipo kwenye ramani, lakini duniani hakikuwepo tena. Pikipiki ilitumbukia, naye akavunjika mguu. Wakazi wa bondeni walimtoa majini, na mmoja wao ndiye aliyefikisha dawa, kwa miguu, kwa njia anayoijua yeye. Ukweli ni kwamba dawa zile zingeweza kusubiri hadi asubuhi.

Pikipiki haikuwa yake. Ilikuwa ya mkataba: unampelekea tajiri hesabu yake bila kukosa, na muda mliopatana ukiisha chombo kinakuwa chako. Kijana alikuwa amebakiza miezi minne.

Nani anadaiwa?

Kijiweni mahakama ilikaa bila mimi kuiita. Wengine walisema kila dereva ana macho yake, hakuna aliyemfunga kamba, angeweza kukataa. Wengine wakasema aliyemtuma ndiye aliyemvunja. Mzee mmoja, fundi wa baiskeli, alikuwa anaziba pancha, hakuinua kichwa. Aliniuliza swali moja tu: "Wewe mwenyewe, pale umewahi kupita?"

Sikuwahi. Miaka yote niliyokaa Tandika sijashuka lile bonde hata siku moja.

Kwanza nilijaribu kuitupia lawama mashine. Watu husema, "Setilaiti imenipoteza." Tusiisingizie. Mfumo wa GPS ni mali ya serikali ya Marekani, na ulianza kufanya kazi kikamilifu mwaka 1995. Setilaiti zake huzunguka kiasi cha kilomita 20,200 juu ya vichwa vyetu. Kazi yake ni kutangaza saa na mahali zilipo. Kifaa chako kinapokea, kinapiga hesabu, kinakuambia umesimama wapi. Basi, zaidi ya hapo haijui. Hadi Mei 2000 ishara waliyopata raia ilikuwa inachafuliwa makusudi, kosa likaweza kufika mita 100, mpaka Rais Clinton alipoamuru jambo hilo likome. Mita 100 pale Tandale unaweza kujikuta kwenye msiba usiokuhusu. Leo kosa ni la hatua chache tu. Lakini hata lingekuwa sifuri, setilaiti isingejua kama mbao za kidaraja zimeoza.

Hilo hujulikana na watu. Na ramani yenyewe ni kazi ya watu. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale pamoja na wakazi, wakapita vichochoro kwa miguu na vifaa vyao mkononi, wakaandika kisima kipo wapi na choo kipo wapi. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, wanafunzi na wananchi wakachora kata za jiji hili, hasa zile zinazofurika. Mstari unaouona kwenye skrini una mtu nyuma yake, aliyemsimamisha mwenyeji na kumwuliza, "Samahani mama, huu mfereji unaelekea wapi?" Kumbe ramani ni ghala la majibu. Na kila jibu lina tarehe yake. Waliojibu walisema kweli siku ile. Mimi ndiye niliyelichukua jibu la kiangazi nikalipeleka masika.

Kuna jambo jingine wanaohamisha njia kwenye vyombo vya pikipiki wanalijua vizuri. Mambo unayoweza kumrushia mwenzako ni ya aina mbili. Ya kwanza ni njia iliyopangwa: unaweka vituo, mashine inaviunganisha. Ukiihamisha kwenye chombo cha pili, mara nyingi kinachosafiri ni vile vituo tu. Chombo kipya kinapiga hesabu upya kwa ramani yake, na huenda kikakupitisha kusiko. Wapanga safari makini huongeza vituo njiani ili mstari usihame. Ya pili ni nyayo: mtu amepita kweli, na chombo chake kimeandika kila alipokanyaga na saa aliyokanyaga. Kwenye skrini vyote viwili ni mstari wa rangi. Lakini ule wa kwanza unasema, "Nadhani utapita," na wa pili unasema, "Mimi nilipita." Mmoja ni ushauri na mwingine ni ushahidi. Kosa langu halikuwa kutoa ushauri. Nilitoa ushauri kwa sauti ya shahidi.

Wenye falsafa zao wameligusa hili zamani. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Plato aliandika mazungumzo yaitwayo Meno. Humo Socrates anatoa mfano wa njia ya kwenda mji wa Larissa. Mtu ambaye hajawahi kufika huko, anasema, akiwa na dhana sahihi juu ya njia, atakuongoza vizuri sawa na yule anayeijua. Meno anashangaa: sasa kwa nini ujuzi unaheshimiwa kuliko dhana? Socrates anamjibu kwamba dhana sahihi ni kama zile sanamu za Daedalus, usipozifunga zinatoroka. Kinachoifunga dhana ni kujua sababu yake.

Nilipousoma mfano huo niliinamisha kichwa. Dhana yangu juu ya kidaraja ilikuwa sahihi kiangazi kizima, ikatoroka usiku wa mvua. Yule kijana alikuwa na sababu yake mdomoni: "mvua ikinyesha." Hakusema hapapitiki, akanyamaza. Alisema lini hapapitiki. Ujuzi wote ulikuwa ndani ya neno lile moja, nami nikaliruka kwa kuwa halikuonekana kwenye skrini.

Tuna methali tuliyokaririshwa shuleni: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Usiku ule, juu ya bonde lile, mkuu alikuwa dereva wa bodaboda. Asiyesikia nilikuwa mimi. Lakini aliyevunjika guu ni yeye. Hapo ndipo methali iliponiacha nyuma, maana haikutuambia kwamba mara nyingi kutosikia ni kwa mwenye sauti, na kuvunjika ni kwa mwingine.

"Angeweza kukataa." Hoja hii ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu kwa nje ni kweli. Tuitazame kwa ndani. Mbele yake kuna nauli, nyuma yake kuna hesabu ya tajiri, na anayemwamuru amesoma kuliko yeye na ametaja mgonjwa. Mlango wa kukataa ulikuwepo, lakini mimi nilikuwa nimeuegemea. Naamini deni la njia ligawanywe hivyo: kadiri ulivyomfanya mwenzako ashindwe kukataa, ndivyo fungu lako linavyokua. Dereva naye ana fungu, maana macho ni yake. Ila usiku ule fungu lake lilikuwa dogo.

Utaniuliza, ndugu msomaji: kama kila anayeelekeza njia atalipishwa, nani ataelekeza tena? Wewe ukishuka Chamazi ukimwuliza muuza genge nyumba ya fulani, si atafunga mdomo? La hasha. Sikiliza vizuri jinsi watu wetu wanavyoelekeza: "Nyoosha na hii, ukifika kwenye mwembe kata kushoto, halafu uliza tena pale mbele." Uliza tena. Kwa maneno hayo mawili muuza genge anakuonyesha ujuzi wake unapoishia, na anakukabidhi kwa anayejua zaidi. Hadaiwi kitu huyo, amekwisha lipa. Mstari niliourusha mimi ulianzia mlangoni kwangu ukaishia mlangoni kwa mama mdogo, bila "uliza tena" hata moja njiani. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Nilikuwa nadhani wanasema habari za wenye maneno ya uongo tu. Sikujua kwamba mtu anaweza kudanganya kwa mstari.

Na sisi tunaotaka kuandika tujiangalie. Wangapi kati yetu tumeshamwandikia msomaji habari za machimbo, za vita, za ndoa, za vijiji ambavyo tumevipita kwa basi vioo vikiwa vimefungwa? Si dhambi kuandika usichokiona. Dhambi ni kumficha msomaji kwamba hukukiona, halafu akatembea juu ya neno lako usiku.

Nililipa hesabu ya tajiri kwa miezi mitatu, mpaka mfupa ulipounga. Marafiki walinisifu kwa huruma yangu. Niliwakatalia, huruma unaitoa ukipenda, lile lilikuwa deni. Na halijaisha lote, maana akikaa sana juu ya pikipiki ule mguu bado unamuuma.

Mkataba aliumaliza, chombo sasa ni chake. Juzi nilimwomba anipeleke Chamazi kwa mtu nisiyemfahamu. Kwa mazoea nikapanga njia, nikaihamishia kwenye simu yake. Akaitazama, akanitazama.

"Hii umepita?"

"Sijapita," nikasema.

"Basi tutauliza," akasema, akapiga kiki.