Israfu isiyoonekana kwa macho

Baada ya darsa ya Magharibi huku Mbagala, kijana mmoja dereva wa bajaji ya gesi aliniuliza: "Ustadh, gesi si ni neema ya Mwenyezi Mungu? Mbona tunaambiwa inaharibu hali ya hewa?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu la haraka.

Neema ni neema. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikafika Ubungo kwa bomba mwaka 2004, ikazalisha umeme na kuchukua nafasi ya mafuta mazito kiwandani Wazo Hill. Ikiungua vizuri hutoa hewa ya ukaa kidogo kuliko mafuta hayo. Hapo hatuna ugomvi.

Ugomvi uko kwenye ile isiyoungua. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni methani, haina rangi wala harufu. Ikivuja kwenye vali au maungio ya bomba, kilo moja yake, kwa miaka 20 ya mwanzo, hulipasha joto anga zaidi ya mara 80 kuliko kilo ya hewa ya ukaa. Mali imepotea bila kupika hata uji! Na kwenye visima vingi duniani gesi huchomwa hewani usiku na mchana kwa kuwa kuikusanya ni gharama. Dini inayotukataza kufuja maji ya udhu hata ukingoni mwa mto, itaiitaje hiyo kama si israfu?

Wala tusiwalaumu Wazungu peke yao. Saudi Aramco na ADNOC ya Abu Dhabi ni mali za dola za Waislamu. Desemba 2023, huko Dubai, hizo na nyingine, jumla kama 50, ziliahidi kukomesha uchomaji huo wa kawaida na kukaribia kumaliza uvujaji wa methani ifikapo 2030. Muislamu anajua hukumu ya anayeahidi akakhalifu.

Atasema mtu, Tanzania inachafua kiasi gani? Kidogo, kweli. Lakini Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi ilikatika Somanga, eneo lile lile bomba la Songo Songo linapotoka baharini. Sidai gesi yetu ndiyo iliyokileta. Nasema bahari ikizidi joto, wa kwanza kulia ni sisi wa pwani.

Yule kijana nilimjibu Ijumaa iliyofuata: endesha bajaji yako, lakini mtungi ukivuja usingoje kesho, peleka kwa fundi. Na wabunge wetu wa Temeke na Kinondoni nawaomba wawaulize wenye mabomba: kwa mwaka kinavuja kiasi gani, na nani anakipima?