Ugumu wa Kukiri Kosa

Kukiri kosa kunahitaji mambo mawili: kuliona, kisha kulitamka. Ugumu huanzia kwenye la kwanza. Aliyekosea, kabla hajagundua, hujihisi sawasawa na aliyepatia.

Mwanasaikolojia Leon Festinger wa Marekani alieleza mwaka 1957 kwamba mawazo mawili yanayopingana humtaabisha mtu, naye hutafuta nafuu kwa kubadili lile lililo jepesi kubadilika. Anayejiona mwadilifu akimdhulumu mwenzake, mara nyingi hubaki na sifa yake na kumgeuza aliyedhulumiwa kuwa ndiye mwenye makosa. Hapo si kwamba anawadanganya wengine. Amekwisha kujidanganya mwenyewe, ndiyo maana hoja hazimwingii.

La pili huzuiwa na fedheha. Mzee, mwalimu au kiongozi huhofia kuwa kosa moja litaangusha kauli zake zote. Hofu hiyo imetiwa chumvi. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake yamezoeleka pwani ya Afrika Mashariki, alipohamia Misri alibadili rai kadhaa alizozitoa Iraki, na hadhi yake haikupungua. Askofu Augustino wa Hippo naye, uzeeni, aliandika kitabu kizima cha kupitia na kusahihisha maandishi yake.

Gharama ya kukiri, hata hivyo, ni ya kweli. Katika Uislamu, toba ya aliyechukua mali ya mtu haikamiliki mpaka mali irudi kwa mwenyewe. Na katika kitubio cha Kikatoliki, anayeondolewa dhambi hupewa pia malipizi ya kutimiza.