Tuna Deni Gani kwa Kobe Mdogo?

Huku kwetu Bengamisa, kaskazini ya Kisangani, kando ya barabara iendayo Banalia na Buta, haupiti mwaka pasipo mtoto kurudi nyumbani na kobe mikononi. Amemwokota shambani kwenye mihogo, au njiani baada ya mvua. Kobe mwenyewe hapiti kiganja cha mkono. Baba humtazama na kusema, "Hicho ni kitoweo kidogo, tungoje kikue." Mama husema, "Mrudishe ulikomtoa." Na mtoto hulia, "Hapana, huyu ni wangu, nitamfuga."

Leo twataka kulifikiri neno hilo moja: "wangu." Mtu akisema kiumbe fulani ni chake, je, amejipatia haki tu, au amejitwika na deni? Swali laonekana dogo kwa sababu kobe ni mdogo. Lakini twajua kwamba asiye mwaminifu katika jambo dogo hawi mwaminifu katika kubwa. Basi tusilidharau.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka iliyopita tulipewa kobe mchanga, tukafurahi sana. Tulimweka ndani ya beseni uani, mahali peupe, ili kila mgeni apate kumwona. Tulimpa wali, na mkate, na lituma iliyobaki jioni, maana tulidhani chakula kilicho kizuri kwetu ni kizuri kwake pia. Watoto walimbeba mchana kutwa. Hakulia, hakung'ata, hakulalamika, tukasema, "Ameridhika." Baada ya majuma machache pua zake zikaanza kutoa maji, macho yakavimba, akakataa kula. Tukasema, "Amelala." Kumbe alikuwa anakufa. Asubuhi moja tukamgusa kichwa, naye hakukirudisha ndani.

Je, tulikuwa na hatia gani? Hatukumpiga. Hatukumchukia. Tulimpenda! Na hapo ndipo lilipo fundisho. Tulipenda kumtazama, tulipenda kumwonyesha kwa wageni, tulipenda kusifiwa naye. Lakini hatukuuliza hata siku moja: yeye ahitaji nini? Upendo usiouliza swali hilo hauna tofauti na kujipenda nafsi.

Basi tulijifunza baadaye, na tuliyojifunza twawapeni. Kobe wa msitu wetu, ambaye wataalamu humwita Kinixys erosa, si kobe wa nchi kavu yenye jua kali. Ni mtu wa kivuli, kama tukiweza kusema hivyo. Hutembea chini ya majani yaliyooza, hupenda unyevu, na hula uyoga, matunda yaliyoanguka, majani, konokono na nyungunyungu. Aliyekomaa ana bawaba katika gamba lake la mgongoni, upande wa nyuma. Adui akija, huishusha sehemu ile ya nyuma na kufunika miguu na mkia, kama mtu afungavyo mlango wa nyumba. Lakini sikilizeni: kobe mchanga bado hana bawaba hiyo. Huipata akiendelea kukua. Kwa hiyo yule tunayemwokota akiwa mdogo ni kiumbe ambaye hajapata mlango wa kufunga. Mlango wake ni sisi.

Tena watu husema kobe amebeba nyumba yake mgongoni. Maneno hayo ni mazuri kwa hadithi za jioni, lakini si kweli. Nyumba yaweza kuachwa. Gamba la kobe haliachwi. Mbavu zake na uti wa mgongo vimeungana nalo. Chini ni mfupa, na juu ni vigae vigumu kama kucha zetu, na ndani yake mna damu na maumivu. Wako watu watoboao ukingo wa gamba ili wafunge kamba, kisha husema, "Hasikii." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi! Kobe hana sauti ya kulia, basi twadhani hana maumivu. Je, twawatendea hivyo kobe tu? Ni wangapi nyumbani mwetu wasiosema neno, nasi husema, "Wameridhika"?

Sasa tulitaje deni lenyewe kwa yule ambaye hana budi kumfuga. Kwanza, kivuli na unyevu: kizuizi kipana uani chini ya mti, chenye udongo laini na majani makavu mengi ya kujifichia, yanyunyiziwe maji. Beseni lililo juani ni chungu cha kumpikia. Pili, maji safi kila siku katika sahani isiyo na kina, aweze kuingia na kutoka, maana mchanga huweza kuzama. Tatu, chakula chake na si chetu: uyoga wa kuliwa, vipande vya papai na pera, majani laini, konokono, na maganda ya mayai yaliyosagwa ili gamba lisiwe laini. Wali, mkate, chikwange, chumvi na mafuta si vyake. Wala asipewe majani mabichi ya muhogo, kwa kuwa yana sumu, ndiyo sababu hata sisi hatuli sombe pasipo kuitwanga na kuipika sana. Nne, ulinzi, hasa usiku: panya, mbwa na siafu humwua upesi. Tano, kumwacha atulie. Kubebwabebwa ni hofu kwake, si mchezo. Na kila amshikaye anawe mikono kwa sabuni, kwa kuwa kobe aweza kuwa na vijidudu viletavyo kuhara. Mkiona pua yenye mapovu, au mdomo wazi, au macho yaliyovimba, msiseme amelala. Mtafuteni daktari wa wanyama, akipatikana.

Mtu mmoja atatuambia, "Ninyi mwasema juu ya kobe, na huku watu wana njaa!" Neno lake ni la haki, nasi hatulikimbii. Katekisimu ya Kanisa ya mwaka 1992 yafundisha kwamba mwanadamu aweza kuwatumia wanyama kwa chakula na mavazi. Tena yaonya tusiwatolee wanyama fedha zilizopasa kupunguza shida za watu. Mtoto akihitaji dawa, mtoto kwanza. Lakini mafundisho hayo hayo yasema kwamba kumtesa mnyama bure kwaondoa heshima ya mwanadamu mwenyewe. Baba amchinjaye mnyama kwa sababu watoto wamelala na njaa, ana sababu ya kumweleza Mungu. Sisi tuliomwacha kobe akauke katika beseni tungeeleza nini? Hatukumla, wala hatukumpa uzima. Chungu kilikuwa na sababu; beseni letu halikuwa na sababu. Na tazameni, kobe hakututaka fedha. Uyoga, papai lililoanguka, kivuli cha mti: vyote vilikuwapo bure. Kilichokosekana ni macho yetu.

Mwingine atasema, "Hata porini angekufa, angeliwa na siafu." Labda. Lakini siafu hawana dhamiri, wala msitu hauna dhambi. Sisi tunayo dhamiri. Siku tunapomwinua kobe kutoka chini, twamwondolea kivuli chake, maji yake na maficho yake, na kutoka saa ile vyote hivyo vyadaiwa mikononi mwetu. Akifa porini, amekufa. Akifa kwetu, tutaulizwa.

Tukumbuke tena urefu wa deni hili. Kobe huishi miaka mingi. Katika kisiwa cha Saint Helena yupo kobe mkubwa aitwaye Jonathan, aliyeletwa huko mwaka 1882 akiwa mzima tayari, naye adhaniwa kuzaliwa karibu na mwaka 1832. Waliomleta wote wamezikwa zamani. Unguja nako, kisiwani Changuu, waliletwa kobe wakubwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Wazao wao wapo hata leo, ingawa katika miaka ya 1990 wezi waliwapunguza sana hata ikabidi walindwe. Kobe wetu wa msitu ni wa aina nyingine, ni mdogo zaidi, lakini yeye naye hahesabu maisha yake kwa majuma. Mtoto husema "nitamfuga" kwa furaha ya siku tatu, na kobe huingia katika ahadi ya miaka. Mzazi amwachiaye mtoto kuahidi asichokijua, ahadi hiyo ni ya mzazi.

Tena msimwuzie msafiri kobe mliyemwokota. Kobe wote wa nchi kavu wamo katika mapatano ya mataifa juu ya biashara ya wanyama wa porini, yaliyotiwa sahihi Washington mwaka 1973, na nchi yetu imo tangu mwaka 1976. Hawavuki mpaka pasipo kibali.

Basi, hukumu yetu ni ipi? Ni hii: kobe mzima aliyeokotwa msituni hapaswi kuwa wetu. Arudishwe siku ile ile mahali alipotoka, chini ya kivuli, mbali na barabara. Lakini yule aliyejeruhiwa, au aliyefugwa muda mrefu asiweze kurudi, huyo afugwe, na deni lake lilipwe lote, si nusu.

Msimu wa mvua uliopita mvulana mmoja alitujia na kobe mchanga. Tulimweleza yote haya. Akatuuliza, "Mwalimu, nikimrudisha, atanikumbuka?"

Tukamjibu, "Hapana, mwanangu. Hatakukumbuka."

Alinyamaza kitambo, akimtazama. Kisha akatoka akashika njia ya shambani kwao. Aliporudi mikono ilikuwa mitupu, na magoti yalikuwa na udongo, maana alipiga magoti amweke vizuri chini ya majani.

Wasomaji wapenzi, kumtendea wema atakayetushukuru ni rahisi. Kobe hashukuru. Ndiyo maana yeye ni mwalimu mzuri kwetu.