Mvua Iliyoombewa na Viwavi Weusi wa Kilosa

Mvua za kwanza zikianza Novemba au Desemba, nyanda za wilaya ya Kilosa nchini Tanzania, kata ya Mabwerebwere ikiwemo, hugeuka kijani ndani ya siku chache. Ndiyo mvua iliyoombewa misikitini na makanisani. Na ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuleta viwavijeshi. Leo mahindi yanapendeza, baada ya siku chache vimebaki vijiti, na viwavi weusi wanahama shamba kwa shamba mchana kweupe.

Mungu anatuadhibu kwa lipi?

Swali hilo lina mizizi mirefu. Kitabu cha Yoeli kinawaita wadudu waharibifu jeshi la Mungu mwenyewe, na Surat Al-A'raf inataja nzige miongoni mwa ishara zilizowashukia watu wa Farao. Aliyelelewa na maandiko hayo, akisimama mbele ya shamba lililoliwa, ana haki ya kuuliza. Lakini kiwavi mwenyewe, akitazamwa kwa makini, anaifanya hukumu ya adhabu iwe ngumu kukubalika.

Kiwavijeshi wa Afrika, Spodoptera exempta, akikua peke yake huwa wa kijani au kahawia. Hujificha chini kwenye mashina ya nyasi, na mchungaji anaweza kupita hapo msimu mzima asimwone. Viwavi wa uzao ule ule wakisongamana, huwa weusi wenye mistari, hupanda juu ya majani na kula juani. Mama ni mmoja; kilichobadilika ni wingi wa majirani. Tena weusi huo una kazi. Hunyonya joto la jua, hivyo kiwavi hukua haraka, na watafiti wamebaini kwamba viwavi wa kundini huvihimili zaidi virusi, ambavyo husambaa upesi penye msongamano.

Kundi nalo lina chanzo chake. Nondo wa viwavijeshi husafiri usiku, upepo ukiwabeba hata mamia ya kilomita. Pepo zinapokutana kwenye dhoruba huwakusanya na kuwashusha mahali pamoja, na majike hutaga mamia ya mayai pale pale nyasi zinapochipua. Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba uovu hauna asili yake wenyewe, bali ni upungufu ndani ya kilicho chema. Kilosa inampa ushahidi mzito: mvua ni njema, upepo ni mwema, nyasi ni njema, uzazi ni mwema, na vyote vikikutana usiku mmoja familia inalala njaa. Ila fundisho hilo, hata likiwa kweli, halimpi mama mkulima debe la mahindi. Kumhubiria kwamba amepatwa kwa dhambi zake ni kumwongezea mzigo wa pili.

Katika Yohana sura ya 9, wanafunzi walimwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule azaliwe kipofu. Alilikataa swali, kisha akamponya mtu yule. Mfuatano huo unaifaa Kilosa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, baadhi ya vijiji vya wilaya hiyo vilijaribu utabiri wa wanakijiji wenyewe: mtego wenye harufu ya nondo jike hunasa madume, kando yake kulikuwa na kipimamvua. Wanakijiji walihesabu nondo, wakasoma mvua, kisha wakawatahadharisha wenzao.

Siku chache zinazopatikana kwa tahadhari hiyo zina uzito. Kiwavi mchanga hula kidogo. Sehemu kubwa ya chakula chake huila karibu na mwisho wa ukuaji wake, kabla ya kujifukia ardhini ili awe nondo. Mtego ukishaonya, na dawa na bomba la kupulizia visifike kijijini kwa wakati, hapo swali la nani amekosa linakuwa halali kabisa, na wa kuulizwa ni aliyepewa dhamana ya kuvifikisha.